Sinia Linalokula Jua

Benchi letu liko kati ya kinyozi na fundi baiskeli, na mimi fundi cherehani hulikalia zaidi kuliko kiti changu cha kazi. Leo hakuna aliyekuwa na raha. Bwana afya alishamwambia Shangazi, muuza kahawa wetu: kahawa yako inachemka, sawa, lakini maji unayosuuzia vikombe yana vijidudu. Yakishindwa kipimo tena, unafunga. Alisema hivyo wiki iliyopita, maji yaliposhindwa, ingawa mpwa wake anayefanya kazi maabara alishamletea sinia jeupe lenye mpako. Maelekezo yake: mimina maji humo, anika juani asubuhi hadi mchana. Jua linauamsha ule mpako, nao unaua vijidudu.

Basi tulikuwa tunasubiri majibu ya kipimo cha pili, na kubishana.

— Jua linawapofusha, alisema fundi baiskeli. Hawaoni njia ya kwenda tumboni.

— Wapi! Linawanyoa, akasema Kinyozi. Kijidudu bila nywele hana maisha.

— Basi wateja wako wote ni marehemu.

Kinyozi hakujali. Alidai kichwa kikipakwa mpako ule, mtu akipita juani mtaa mzima unapona mafua. Mimi nikasema sinia ni utapeli mtupu, ushahidi ni wiki iliyopita. Shangazi alikuwa anasuuza kikombe kilekile mara ya tatu.

Bwana afya akatokea na karatasi, mpwa nyuma yake.

— Hakuna hata kijidudu mmoja, alisema bwana afya. Shangazi, endelea na kazi.

Shangazi akakaa chini, akafuta machozi kwa kanga. Kinyozi, mwanamume mzima na ndevu zake, akapiga vigelegele. Kahawa ikawa ya bure, na hata bwana afya akaketi akapokea kikombe. Nami nilifurahi, nikapokea changu.

Mpwa ndiye aliyeuliza, kwa upole tu.

— Sinia ni lilelile, na wiki iliyopita jua liliwaka kutwa. Shangazi anasema alikuta limefunikwa kitambaa cha maua ya bluu. Nani alilifunika?

Fundi baiskeli akageuza shingo taratibu, akalitazama pazia la mlangoni kwangu, lenye maua yaleyale ya bluu.

Jamani, nilikuwa nazuia vumbi tu.

Shangazi naye akalitazama pazia. Kisha akanijazia kikombe kingine, mpaka juu. Nikakinywa chote, sikuthubutu kubakiza.