Nguruwe wa Kitinda

KITINDA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Ni mimi. Simu ya jirani.

KITINDA: Aa, dada! Shikamoo.

DADA: Marahaba.

KITINDA: Ushatoka kwa binti? Mjukuu hajambo?

DADA: Hajambo. Nimerudi leo asubuhi. Sasa Kitinda—

KITINDA: Najua, najua! Umeikuta kazi yetu? Ulilia nguruwe pori wanakumalizia mihogo, mdogo wako nikasema ngoja. Jumamosi nimekuja na washikaji na bunduki, tumelaza dume kama pipa! Picha umeiona?

DADA: Nimeoneshwa. Kijiji kizima wanayo.

KITINDA: Watu wameipenda, acha tu! Ofisini wananiita Mwinda—

DADA: Unaisikia hii sauti?

KITINDA: [anasikiliza] Mtandao huo, unakwaruza.

DADA: Si mtandao. Ni inzi.

KITINDA: Inzi?

DADA: Inzi, Kitinda! Nimejifunga khanga puani na bado natapika. Mmekata kichwa na nyama mkaondoka navyo, matumbo mmeyaacha hapahapa. Yamevimba, yamepasuka, funza wanatambaa mpaka kwenye ndala zangu.

KITINDA: Yule jamaa wa bunduki alisema tai watamaliza—

DADA: Tai! Waliokuja ni nguruwe wenzake.

KITINDA: Kha! Wanakulana?

DADA: Nguruwe hana haya, anakula chochote. Wamekula nusu ya matumbo ya mwenzao, wakalamba damu, na ilikochuruzikia wanachimba. Mmeua mmoja, mmewaita wote.

KITINDA: Pole, dada. Lakini si afadhali? Wakichimba pale kwenye sakafu, mihogo si inapona?

DADA: Sakafu ipi?

KITINDA: Ile ya saruji, kando ya minyaa. Ndipo tulipomchunia. Pamenyooka, pasafi. Nikawaambia jamaa, dada yangu hana mchezo, kajijengea sakafu ya kuanikia mahindi.

DADA: [kimya]

KITINDA: Haloo? Dada? Unakatika—

DADA: Sijakatika. Jumamosi ulipita kumsalimu mama?

KITINDA: Kaburini? Aa... tulikuwa na haraka, unajua gari lilikuwa la—

DADA: Na siku ya mazishi kaburi uliliacha vipi?

KITINDA: Si tuta tu la udongo. Lipo pale karibu na... karibu na minyaa.

DADA: Enhe.

KITINDA: Hapana. Hapana, dada! Ningeona jina!

DADA: Jina lipo. Mlimlaza nguruwe juu yake.

KITINDA: Mungu wangu... Mbona hukuniambia umelijengea?

DADA: Nilikupigia, ukasema uko kikaoni. Nikapiga tena, kikaoni. Saruji imemwagwa, imekauka, wewe uko kikaoni.

KITINDA: Dada, nasikia kichefuchefu.

DADA: Tapika, mimi nimeshamaliza zamu yangu. Baba mdogo ameitazama hiyo picha, akatema mate, akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Sikujua nimjibu nini. Nimeona aibu kusema mdogo wangu.

KITINDA: Naifuta. Sasa hivi naifuta.

DADA: Picha utaifuta. Damu imeingia kwenye saruji, nimesugua kwa mchanga na sabuni, haitoki. Na pembeni wameshapita chini ya saruji. Nimeingiza mkono, umezama mpaka kwenye kiwiko. Leo wakirudi—

KITINDA: Usiseme.

DADA: Nasema! Wakirudi leo, watamfikia mama.

KITINDA: Nakutumia hela, sawa? Tafuta vijana wawili wazoe, wafukie—

DADA: Vijana wamekuja, wamechungulia, wameziba pua, wamekimbia. Nani azoe uchafu wako na wewe mwenyewe upo?

KITINDA: Lakini kesho asubuhi nina kika—

DADA: Malizia. Limalizie hilo neno nikusikie.

KITINDA: Basi, dada, basi.

DADA: Mama alikulea kama yai, Kitinda. Sisi tukila ukoko, wewe unamenyewa mayai. Na umekuja kumchunia nguruwe kifuani. Nakuonea kinyaa. Mzoga nitauzoea, wewe sijui.

KITINDA: Nakuja. Dada, nakuja, nachukua basi sasa hivi.

DADA: Njoo na ndoo, jembe na glavu. Hao washikaji waache hukohuko na bunduki yao.

KITINDA: Sawa. Na wewe uko wapi?

DADA: Hapahapa, na panga. Niende wapi?

KITINDA: Nisamehe, dada.

DADA: Usiniombe mimi. Haya, jirani anataka simu yake, na salio lenyewe linaisha—

KITINDA: Subiri, subiri! Jumamosi tulipita bondeni na gari. Nikishuka stendi, kwa miguu, gizani... njia ya kaburini siikumbuki. Nifuate nini?

DADA: Fuata harufu.