Ng'ombe wa Yoakimu Walikula Nini

Benchi letu liko nje ya mashine ya kusaga, hapa Maretadu, pale Hilda anapouzia kahawa ya tangawizi. Asubuhi ile tulikuwa watatu: Herman, tunayemwita Redio, Baltazar, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kuuza dawa za mifugo mnadani, na mimi. Habari ilikuwa moja. Ng'ombe wawili wa maziwa wa jirani yetu Yoakimu walikufa jana, na ghala lake limejaa majani makavu mpaka juu. Kiangazi cha mwaka jana aliwalisha mabua hadi mbavu zikatokeza. Mwaka huu akazungushia uzio kipande chake cha majani kule mteremkoni, yeye na mkewe Letisia wakasomba samadi kwa punda, na mvua iliposhika akatupia urea. Tulimcheka. Majani yakamfika kiunoni, akayakata, akayakausha, nasi tukaacha kucheka.

— Mimi nilisema, Redio alianza. Majani hayapewi mbolea ya dukani. Haraka haraka haina baraka. Yale yaliota haraka mno.

— Kwa hiyo wamekufa kwa haraka? nikamuuliza.

— Wamekufa kwa shibe, akasema Daktari. Tumbo la ng'ombe wa huku limezoea njaa. Ukilishibisha ghafla linashtuka.

— Wanakula yale majani tangu mwezi wa saba. Ndiyo lishtuke jana?

— Tumbo linaweza kuchelewa kushtuka.

— Basi ni jicho, akasema Redio. Watu walisimama pale uzioni wakayatamani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Mbolea ndiyo mgeni. Imekuja, na mwenyeji hajapona.

— Hapana, ile urea inavuta radi, akasema Daktari. Imekaa ardhini, ikapanda kwenye majani, ng'ombe wakala radi yenyewe.

Hilda alitukoholea. Yoakimu alikuwa anakuja, suruali yake bado ina udongo wa kufukia mizoga. Akaketi mwisho wa benchi. Tukampa pole, akaitikia kwa kichwa.

— Bwana mifugo ameondoka sasa hivi, akasema. Ni urea. Si ile ya shambani. Nilibakiza kidogo, nikaifunga kwenye mfuko, nikauweka ghalani karibu na chumvi.

Sote tulijua ni nani huwapa ng'ombe wale chumvi jioni.

— Baba macho yamekwisha, akaendelea Yoakimu. Alipapasa, akashika mfuko wa pembeni. Akamwaga kwenye hori. Letisia aliporudi kutoka kisimani alikuta wanatetemeka, wanatoka povu, na mzee amemkumbatia mmoja shingoni, anamwita jina. Hakumwachia mpaka ng'ombe alipokata roho.

— Anajua? Hilda aliuliza.

— Hajui. Bwana mifugo nimemwomba anyamaze, na ninyi nawaomba. Mimi ndiye niliyeuweka ule mfuko pale. Lakini yeye amelea ng'ombe tangu utoto wake. Nikimwambia, nitakuwa nimemzika pamoja nao.

Mara tukawaona Letisia na Mzee Bura, baba yake Yoakimu, wakitokea kona ya kanisa. Letisia alikuwa amemshika mkono.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Ninyi ni akina nani?

Tukajitaja mmoja mmoja. Redio akampisha, mzee akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti.

— Na Yoakimu yupo?

— Nipo, baba.

— Vizuri, na wewe usikie. Tangu asubuhi nauliza nyumbani, naambiwa ni ugonjwa tu. Ugonjwa una jina. Ninyi mnatembea, mnasikia mengi. Niambieni. Ng'ombe wangu walikula nini?

Redio akanitazama. Daktari akainamia kikombe chake.

— Jioni walikuwa wazima, mzee akasema. Chumvi niliwapa mimi mwenyewe. Yule mwekundu alilamba mpaka kiganja changu.

Hilda akamletea kahawa. Akamwekea kikombe mikononi, akamkunjia vidole juu yake, akabaki amevishika. Mzee alingoja. Aligeuza uso huku na huku, akitafuta sauti itatokea upande gani.

— Basi, akasema mwishowe. Amebaki yule mtamba mmoja. Yoakimu, huyo usimwachie mtu mwingine. Majani yapo mengi, umeyahangaikia. Nitamlisha mimi, na chumvi nitampa kwa mkono wangu.

Letisia alikuwa amegeukia ukutani, khanga mdomoni. Yoakimu alifikicha udongo kwenye suruali yake.

— Sawa, baba, akasema.