Muhanna bin Suud, Aliyelala Mbali na Kaburi Lake

Umesomwa nyumbani kwa marehemu, Darsait, Maskati, Alhamisi tarehe 24 Aprili 2008, siku ya kumaliza tanga.

Kwa jina la Mola anayetoa kabla hajaombwa na anayechukua bila kubisha hodi. Wiki nzima hii watu wameingia nyumba hii na swali moja. Wengine wameliuliza mlangoni, wengine kwa simu, na wengine jikoni, kwa kunong'ona, huku wakionja kama pilau limekolea chumvi: Muhanna kazikwa wapi, na nani aliyeamua? Basi jawabu ni hili, lisikiwe na wote kwa pamoja, ili Bi Ghaliya aachwe na eda yake.

Marehemu Muhanna bin Suud bin Hamdan alizaliwa Kikwajuni, Unguja, Jumapili tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Suud, muuza vitambaa. Dada yake, Bi Masouda, husimulia kwamba alitoka kwa kutanguliza miguu, na tangu siku hiyo miguu haikukipa kichwa nafasi ya kufikiri.

Alianza skuli Unguja. Mwaka 1964 familia ilihamia Dar es Salaam, akamaliza masomo huko na kujifunza kuchora ramani za majengo. Mwaka 1972 walikuja Maskati. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani: aliweza kusoma juzuu nzima bila kukwama, lakini hakuweza kununua kitunguu. Mwenye duka hapa Darsait alikuwa akimwita "sheikh" kwa kumdhihaki, mpaka siku Muhanna alipomchorea ramani ya duka jipya bila malipo. Hapo akawa sheikh kweli.

Kuanzia 1973 hadi alipostaafu 2006 alifanya kazi katika idara ya serikali iliyokuwa ikitengeneza ngome za zamani. Kazi yake ilikuwa kupima kuta na kuzichora jiwe kwa jiwe. Ngome zile mbili zinazoikabili bandari ya Maskati, zilizojengwa na Wareno, alizijua kuliko alivyojua nyumba yake. Ndiyo maana bomba la jikoni limevuja tangu 1994, na mpaka leo linavuja.

Mwaka 1996 idara ilimpeleka Ureno, katika mji wa Evora, kujifunza chokaa na mawe ya kale. Mwenye nyumba aliyopanga alikuwa na baiskeli imetupwa bandani. Jumapili ya kwanza Muhanna aliitia upepo, akatoka kwenda kununua mkate. Alirudi magharibi, amebabuka pua, na mkate hana. Barabara ilikuwa nyembamba na tupu, vijiji vyeupe vimepakwa mstari wa buluu chini ya kuta, korongo wamejenga viota juu ya nguzo za umeme, na mashambani ipo miti inayobanduliwa magome ya kutengenezea vizibo, kisha kila mti unaandikwa namba ya mwaka uliobanduliwa. "Wanaiandika kama mafaili," alimwambia mkewe kwenye simu, na simu ile ilikuwa ya kuwaarifu kwamba amefika salama, wiki mbili baada ya kufika.

Tangu hapo alirudi karibu kila mwaka, likizo za majira ya kuchipua majani, na akachora njia yake mwenyewe: kutoka Evora penye hekalu la Warumi, kupanda Monsaraz, kijiji kilichokaa juu ya kilima kama kofia, kushuka Moura na Serpa, hadi Mertola kando ya mto. Aliichora kama alivyochora ngome, kila kisima, kila mteremko wenye changarawe, kila kivuli cha mzeituni panapoweza kuswaliwa. Rafiki yake Amur bin Saeed aliifuata njia hiyo mara nyingi kuliko alivyopenda. Wengine walijaribu mara moja, wakarudi wanatembea kama bata.

Bi Masouda hakuielewa safari hata moja. "We Muhanna, Wareno tuliwatoa Maskati kwa panga. Leo wewe unawafuata kwa baiskeli, tena kwa nauli yako?"

"Nakwenda kuhakikisha wameondoka, dada."

Mwaka 1979, mwezi wa Novemba, alimuoa Bi Ghaliya bint Nasr, hapa hapa Maskati. Mwaka 2003 Bi Ghaliya alikubali kwenda kuiona hiyo njia. Alimfuata mumewe kwa gari la kukodi, na chupa ya chai, na chapati za mayai, na binti yao Balqees akisoma ramani juu chini. Walipofika Mertola, Muhanna aliegemeza baiskeli, akaingia kanisani. Bi Ghaliya alibaki mlangoni, roho juu.

"Muhanna! Toka humo! Watu watasema umebadili dini."

"Watu gani, Ghaliya? Hapa nani anatujua?"

"Watu wetu watajua tu. Wetu hawashindwi kujua."

Akamshika mkono akamuonesha. Nyuma ya madhabahu, ukutani, mlikuwa na mihrabu. Kanisa lile lilikuwa msikiti, na waliolichukua hawakuibomoa. Bi Ghaliya aliitazama muda mrefu. Alipotoka hakusema neno, na wanaomjua wanajua kwamba hilo halikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo.

Hapa ndipo wasifu huwa na maelezo ya ugonjwa. Muhanna hakuwa na ugonjwa. Presha hana, sukari hana, sigara hajui. Februari mwaka huu daktari mmoja wa Madinat Sultan Qaboos alimpima, akamwambia ana moyo wa kijana. Goti la kushoto lilikuwa likimuuma akipanda ngazi. Akipanda baiskeli haliumi. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na waliokuwa wakimsubiri augue ni wale waliochoka kumsikia akiwaambia waache kula sambusa. Kwa hiyo sehemu hii imebaki tupu, na utupu wake ndio unaotushtua mpaka sasa.

Jumatano tarehe 16 Aprili 2008, asubuhi, yeye na Amur walikuwa wakipanda Monsaraz. Kwa kawaida Muhanna ndiye huwa mbele. Siku hiyo Amur alikuwa mbele, akasikia mnyororo wa nyuma yake umenyamaza. Aligeuka akamuona Muhanna ameshateremka, ameegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mawe kwa utaratibu wake ule ule, na anakaa chini.

"Amur, ningoje kidogo. Nivute pumzi."

"Alhamdulillahi!" Amur akacheka. "Miaka kumi na mbili, leo nimekushinda!"

Muhanna naye akacheka. Amur alipomaliza kunywa maji na kumgeukia tena, Muhanna alikuwa bado na ule uso wa kucheka, na pumzi hana.

Khabari ilifika Darsait siku ile ile alasiri. Aliyepokea simu ni Fahd, mwanawe. Nyumba ikapiga ukelele, na kila mtu akafanya anachojua kufanya akisikia mtu kafa. Wanawake wakatandika mikeka na kutoa masufuria. Safwan, mtoto wa Bi Masouda, naye akafanya chake. Safwan hajawahi kuchelewa maziko ya mtu. Akisikia "fulani amefariki" miguu inashika njia ya makaburini kabla machozi hayajamtoka. Alhamisi baada ya Alfajiri alikuwa makaburi ya Amerat, na vijana na majembe. Kaburi likachimbwa, zuri, limenyooka. Ujumbe ukatumwa kwenye simu za watu: sala ya maiti baada ya Adhuhuri. Kila mmoja alijua Muhanna yuko safarini. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua maiti anafika kwa ndege gani.

Adhuhuri msikiti ulijaa mpaka viatuni. Baada ya sala imamu akageuka, akatazama mbele, akatazama pembeni. "Maiti yuko wapi?"

Safwan akamtazama Fahd. Fahd akatazama chini. "Yuko Ureno," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ndipo wengi walipofahamu, pale walipokuwa wamejipanga safu na mbele yao zulia tupu.

Amur alipiga tena simu, akaeleza. Hospitali ya kule lazima imchunguze, kwa kuwa amefia njiani. Kumleta Maskati kutachukua wiki tatu, pengine zaidi. Lakini Lisboni wapo Waislamu, wengi wao asili yao Msumbiji, na mzee mmoja wao alimjibu Amur kwa Kiswahili cha pwani: wako tayari kumkosha, kumvisha sanda, kumswalia na kumzika katika ardhi yao ya maziko, ifikapo Jumatatu. Fahd aliulizia viza, akaambiwa angoje. Kilichokuwa kinangojewa kule ni neno moja kutoka nyumba hii.

Bi Masouda aliingia chumbani kwa wifi yake bila kubisha.

"Ghaliya, kaburi liko wazi. Nnakwambia mie, kaburi likishafunguliwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu. Litatafuta mwengine humu humu. Mleteni ndugu yangu."

"Wifi, ni wiki tatu."

"Na ziwe tatu!"

"Atakuja ndani ya sanduku la bati, limetiwa lehemu pande zote. Fahd hatomkosha babaake. Wewe hutomuona uso. Utazika sanduku."

"Na huko nani wa kumkosha? Wareno?"

"Waislamu. Wazee wa Msumbiji."

"Babu zetu waliwatoa watu wale kwa panga, wewe unawaachia mwanaume wako!"

Bi Ghaliya, aliyekuwa hajalia tangu jana, alilia hapo. "Unadhani mie nataka kumuacha? Miaka ishirini na nane nimeamka naye. Nnamtaka hapa kuliko unavyomtaka wewe. Lakini nimlaze barafuni wiki tatu, kwa sababu mie nnamtaka? Yeye amenikosea nini?"

Fahd alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. "Mama, Ami Amur yuko kwenye laini. Nimwambie nini?"

"Mwambie wamzike."

Bi Masouda akatoka. Viatu alivyovaa havikuwa vyake.

Alasiri hiyo, kule Amerat, Safwan alikuwa bado amekaa kando ya kaburi, hajui alifukie au alilinde. Baadhi ya waliokuja kuzika walikuwa bado wapo, wanaona haya kurudi nyumbani. Ikaingia pikapu ya kiwanda kimoja cha Rusayl na wafanyakazi wachache wa Kibangladeshi, na maiti wao. Alikuwa mchomeleaji vyuma, jina lake Shafiqul, amekufa usingizini, na hapa nchini hana jamaa. Kaburi lake lilikuwa halijachimbwa. Wakaliona lile.

Safwan akampigia mamaake. Bi Masouda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza.

"Ana mama huyo?"

"Yuko kwao, Bangladeshi."

"Basi yeye naye anauliza sasa hivi mwanawe kazikwa na nani. Mlazeni. Na msimswalie haraka haraka."

Watu waliokuja kumswalia Muhanna walijipanga upya, wakamswalia Shafiqul, na udongo wa kwanza aliutia Safwan.

Jumatatu tarehe 21 Aprili Muhanna alizikwa Lisboni. Amur alipiga simu kutoka makaburini. Fahd akaiweka sauti juu, nyumba nzima ikanyamaza. Bi Ghaliya aliuliza swali moja tu.

"Mmemuelekeza kibla sawasawa?"

"Sawasawa, shemeji. Ila huku kibla ni mashariki. Nilibabaika kidogo. Kwetu tunamlaza mtu anaelekea machweo. Huku anaelekea macheo."

Bi Masouda, aliyekuwa kwenye mkeka kando ya wifi yake, akanyanyua mkono taratibu. Akaonesha upande wa machweo, ambako nyumba hii huswalia na ambako Ureno iko. Kisha akauvuta mkono kuelekea macheo, mpaka kwao wawili.

"Kwa hivyo anatuelekea," akasema.

"Anatuelekea," akajibu Bi Ghaliya.

Marehemu ameacha mjane, Bi Ghaliya bint Nasr. Watoto watatu, Kheiria, Fahd na Balqees. Mjukuu mmoja, binti wa Kheiria, anayejifunza kutembea. Dada yake, Bi Masouda bint Suud, na mtoto wa dada, Safwan. Na sahibu yake Amur bin Saeed, anayerudi kesho na baiskeli mbili.

Mola amsamehe, amsamehe na Shafiqul, na ailaze roho ya Muhanna katika utulivu, uso wake huku kwetu. Amin.