Don Eleodoro Lepío na Makofi Aliyoyakataza

Eleodoro Lepío Mansilla alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 katika kisiwa cha Llaiquén, Chiloé, kusini mwa Chile, mtoto wa tatu wa Celedonio Lepío, seremala, na Zunilda Mansilla. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo ilinyesha sana, na watu wakamcheka, maana kwetu habari ni siku isiyonyesha.

Alisoma shule ya kisiwani kuanzia 1949 hadi 1954. Siku moja alighani shairi mbele ya darasa, wenzake wakaangua kicheko. Alirudi kukaa, na mwalimu hakuweza tena kumsimamisha.

Mwaka 1958 alikwenda Magallanes, kusini kabisa mwa nchi, kukata manyoya ya kondoo, akawa anarudi huko kila kiangazi hadi 1979. Huko ndiko alikojifunza gitaa. Tarehe 6 Februari 1965 alifunga ndoa na Rosalba Barría katika kanisa hili hili, na wiki iliyofuata akapanda meli. Kuni, viazi, watoto na homa zao vyote vikabaki juu ya Rosalba.

Aliporudi nyumbani kabisa, alishika useremala. Vigae vya mbao vilivyo juu ya vichwa vyetu leo ni kazi yake. Mwaka 1988 alichaguliwa fiskali, mshika funguo anayeongoza sala padri asipofika, na tangu hapo hakuna aliyepiga chafya humu ndani bila yeye kugeuka.

Mwaka 1999 Mwalimu Clorinda Chiguay aliomba kanisa kwa ajili ya tamasha la muziki na mashairi, kila Oktoba mitufaha inapochanua. Don Eleodoro alikubali kwa sharti moja.

“Makofi hapana, Mwalimu. Hii ni nyumba ya Mungu, si uwanja wa mpira.”

“Sasa mwimbaji atajuaje kwamba amependwa?”

“Mungu atamwambia.”

Basi tukazoea. Mtu akiimba vizuri, kanisa lilinyamaza kabisa. Wageni wa kutoka Santiago walisahau, mikono ikaanza, naye akakohoa kule benchi la mbele mpaka wakakoma. Kikohozi hicho kilitembea kisiwa kizima. Watoto walikiigiza shuleni.

Oktoba 2012, bila kumwambia mtu, alisimama yeye mwenyewe na gitaa, akamwimbia mkewe mashairi aliyoyatunga kumwomba radhi kwa miaka ile:

Manyoya nikiyakata, mbali na mlango wako,
Baridi wewe wapata, na kuni begani mwako.

Alipomaliza hakuna aliyejikuna. Watu walikuwa wanalia. Yeye aliinamisha kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

“Umeimba vizuri, mzee,” Rosalba alimwambia nyumbani.

“Wewe mke wangu, ungesema nini?”

Mwaka uliofuata Mwalimu Clorinda alimwomba aimbe tena. “Nilishaimba,” alijibu. “Watu walinyamaza.” Mwalimu alicheka, akidhani anajisifu. Don Eleodoro hakugusa gitaa tena.

Mapafu yake yalianza kumsumbua Juni mwaka huu, 2024. Mapema Septemba binti yake Herminda, akimnywesha mchuzi, alimwomba yale mashairi.

“Yapi? Yale yaliyowachosha watu?”

“Baba! Walinyamaza kwa sababu wewe ulikataza makofi!”

“Kila mwaka kuna mkono uliotoroka, binti yangu. Mtu akipendezwa kweli, mkono hauombi ruhusa. Kwangu haukutoroka hata mmoja.”

“Nani angethubutu, na mwenye kikohozi ndiye aliyekuwa anaimba?”

Alitabasamu, lakini hakuamini. Herminda alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba waliokuwepo 2012 waje Jumapili ya tarehe 22 wamwambie wenyewe. Wote walikubali. Don Eleodoro alifariki Ijumaa tarehe 20, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rosalba.

Leo ni Jumapili, na mmekuja. Familia inasikitika, na haina namna nzuri ya kulisema hili: miaka kumi na mbili tuliishi naye, tukala naye milcao, mikate yetu ya viazi, tukamuuliza habari za viazi, na hakuna aliyeona kwamba anaumia.

Ameacha mjane, Rosalba, watoto wawili, Herminda na Nolberto wa Punta Arenas, wajukuu watano, na dada yake, Otilia.

Herminda aliuliza kama leo tuivunje sheria yake. Mama yake akakataa.

“Humu ndani alikataza, na humu ndani tutanyamaza,” Rosalba alisema. “Nje hakukataza.”

Kwa hiyo jeneza litatoka sasa, nasi tutalifuata kimya. Likishavuka kizingiti, familia inawaomba mpige makofi, na msiache mpaka kaburini. Pumziko la amani limpokee Eleodoro, na atusamehe kuchelewa.