Mkato wa Mzee Koma

Ndugu, majirani, na wanachama wa chama cha jamii yetu, wa milimani na wa bondeni, asanteni kwa kuja kumsindikiza marehemu, mliyemjua kwa jina la Mzee Koma, na anayewasomea haya ni binti yake wa pili, kwa hiyo sauti ikitetemeka mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 upande wa bondeni, mtoto wa tano wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza Novemba 1965, na huko, ambako walimu wengi walikuwa wa milimani, alichekwa kila alipofungua kinywa, kwa sababu watu wa bondeni wanavuta maneno na wa milimani wanayakata, ingawa lugha ya jamii yetu ni moja na babu ni mmoja. Kicheko kile hakikumtoka moyoni.

Tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha mji huu, akafagia vipande vya karatasi, akapanga herufi za risasi, hatimaye akawa msahihishaji hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, kalamu nyekundu sikioni, na kanuni moja, kwamba msahihishaji hagusi maana ya mwenye maandishi, na kwa jinsi alivyogombania mikato, wenzake wakambatiza Koma, jina ambalo watoto wa mtaani walilitumia pia kukatazana utundu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na muuguzi wa kabila jingine, ambaye alifundishwa lugha yetu na mama mkwe wake, pamoja na mivuto yake yote, akawashinda wenye nayo, wakajaliwa watoto watatu, wote wakalelewa kwa Kiswahili, maana marehemu hakutaka wachekwe kama yeye, na lugha ile wazazi waliitumia tu walipokuwa na siri.

Mwaka 1998 binti wa pili, akiwa na miaka kumi na minane, alinyimwa kadi ya chama kwa kushindwa kuitikia salamu ya lugha yetu, akaambiwa mwacha asili ni mtumwa, akarudi nyumbani akilia kwamba kwa mama anaitwa mtoto wa baba yake, na kwa baba ndio hao wamemfukuza. Wiki hiyohiyo rasimu ya katiba mpya ya chama ililetwa kiwandani, imeandikwa kwamba mwanachama ni mtoto wa jamii hii au mkwe wetu anayezungumza lugha yetu, na marehemu, ambaye hakuwahi kugusa maana ya mtu, aliweka mkato mmoja baada ya neno “hii”, lugha ikabaki sharti la wakwe peke yao. Jumapili tarehe 16 Agosti Mwenyekiti, huyu tuliye naye hapa, aliisoma mkutanoni, akapumua penye mkato, mikono ikanyooshwa, ikapita, na mwezi uliofuata binti akapata kadi, pamoja na vijana wengine wengi mliomo humu.

Tarehe 21 Novemba 2020 marehemu alipatwa na kiharusi, Kiswahili kikampotea chote, ikabaki lugha ya bondeni, akawa anamsemesha binti anayemlisha bila binti kuambulia hata neno, hadi mama alipotafsiri, na alilokuwa akilirudia kila siku ni kwamba alimdanganya Mwenyekiti kwa mkato, aombewe radhi. Alifariki Jumanne tarehe 9 Februari 2021, saa nane mchana, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Mwenyekiti, ombi la radhi la marehemu limekufikia, ila familia inakusihi mkato usifutwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuazima viti na mabega ya kulilia, wafanyakazi wenzake waliochapa karatasi hizi, ambazo yeye mwenyewe asingeona pa kutia kalamu, na mama, ambaye tangu ule ugonjwa amekuwa akimfundisha binti maneno ya kuagana. Baba, pumzika kwa amani, na sasa nakuambia hivyo kwa lugha yako, kwa mvuto wa bondeni, anayetaka kucheka na acheke.