Ozella Tribbett, Nesi wa Betheli

Marehemu Ozella Pinkston Tribbett alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Larkin's Bend, Mississippi, mtoto wa tatu wa Cephus na Idella Pinkston, wakulima wa pamba. Alizaliwa nyumbani, kwa sababu hospitali ya mjini haikuwa na kitanda cha mtu mweusi.

Mwaka uliofuata chama chetu cha kuzikana kilijenga Hospitali ya Betheli kwa michango ya wavuna pamba. Hapo ndipo Ozella, baada ya kumaliza sekondari, aliposomea unesi na kuajiriwa mwaka 1962.

Dereva wa lori, Lucious Tribbett, alitibiwa hapo mkono uliovunjika. Alipona, lakini hakuacha kuja.

"Bado unauma, nesi."

"Uliovunjika ni wa kushoto, kaka. Mbona leo umeshika wa kulia?"

Walifunga ndoa Juni 1964.

Mwaka 1972 Betheli ilichukuliwa na wilaya. Mwaka 1997 wilaya ikaiuza kwa kampuni ya jimbo jingine, na waliochanga hawakuulizwa. Kampuni ilianza kwa kufunga wodi ya wazazi, ambamo Ozella alikuwa nesi mkuu. Katika mkutano wa kutangaza mauzo, kijana wa kampuni alikuwa amemwambia, "Mama, msiogope. Kinachobadilika ni mwenye mali tu."

"Mwanangu," alimjibu, "hata nguruwe hubadilishiwa mwenye mali kabla ya Krismasi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alistaafu mwaka 2004, lakini aliendelea kusimama mbele ya baraza la wilaya akisihi chumba cha dharura kisifungwe. Walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, na mwaka 2016 wakaikubalia kampuni ikifunge; baadaye hospitali nzima ikafungwa.

Alikuwa akiugua moyo. Asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2019 alibanwa na kifua akiwa anakanda unga wa biskuti za chai. Gari la wagonjwa lilipita mbele ya Betheli, geti likiwa na mnyororo, likielekea hospitali ya mji wa pili. Alikata roho njiani.

Wapo waliotuambia ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu. Mungu hakuiuza Betheli. Kampuni nayo imeleta shada la maua, tumelirudisha.

Ameacha mume, Lucious, watoto wawili, Verlene na Cephus, wajukuu watano, na wengi wenu mlioketi hapa, aliowapokea mkitoka tumboni mwa mama zenu.

Bwana ampumzishe mama yetu. Sisi asitupumzishe mpaka Betheli ifunguliwe.