Mama Klara na Kilima cha Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani na mliosimama barazani kwa mwenye duka ili kusikia redio yake, karibuni. Leo tunamkumbuka Nyamizi binti Ngassa, mama yake Klara. Alizikwa juma lililopita, huku upande wa Geita, mwaka huu wa 1957. Nimezungumza na watu wake. Niwaambie mapema: nimerudi na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo.

Nyamizi alikuwa mjane, mkulima wa pamba. Alikuwa pia mtu wa kwenda hospitali mara kwa mara, kwenye chumba cha wagonjwa wa dharura. Hospitali yenyewe iko juu ya kilima, naye alipanda kwa miguu. Alifika akilalamika kifua kinabana. Akikaa kwenye benchi kungoja zamu yake, kifua kinaachia. Daktari akimwita, hana tena maumivu.

Muuguzi Bernadina anamkumbuka vizuri.

"Tulikuwa tunamtania," aliniambia. "Namwuliza, Mayu, mama yangu, leo umetuletea ugonjwa au michembe? Anacheka. Anasema, ugonjwa nilikuwa nao hapo chini, sijui umeishia wapi. Kisha anafungua kitambaa, anagawa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, benchi zima. Sasa mtu kama huyo utamwita mgonjwa?"

"Daktari alimpima?"

"Kila alipokuja. Hakuona kitu."

Kaka yake, Mzee Mageni, hana shaka. "Dada yangu alirogwa. Ugonjwa unaojificha ukimwona daktari, huo si wa daktari."

Klara anasema vingine. "Baba alipofariki, nyumba ilipoa. Nilidhani mama anafuata watu wa kuzungumza nao. Lakini mbona alikuwa akifika ametota jasho?" Alikuwa akiniuliza mimi.

Wasikilizaji wapendwa, yuko mtu mmoja zaidi. Ni Ignas, mume wa Klara. Ignas ni dresa, anafunga vidonda hospitalini hapo hapo, na dirisha lake linatazama kilima. Wengi wenu mnajua desturi yetu. Mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, kila mmoja humpisha mwenzake.

"Nilikuwa namwona akipanda," Ignas aliniambia. "Anasimama katikati ya kilima, ameinama, mkono kifuani. Nami nageuza uso. Ni mama mkwe wangu, ningemkodoleaje macho? Nikigeuka tena, yuko kwenye benchi, anagawa michembe. Nasema, basi, ana nafuu."

"Hukumwambia daktari?"

"Ningemwambia nimeona nini? Sikupaswa kuona."

Siku ya mwisho Nyamizi hakufika kwenye benchi. Wapita njia walimbeba kutoka pale pale katikati ya kilima. Aliyempokea mlangoni ni Ignas. Nyamizi alikuwa ameshakata roho.

"Ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni," alisema. "Kumbe anafanana sana na Klara."

Sasa daktari anasema labda ulikuwa moyo. Kuna moyo unaolia mtu akipanda, ukatulia akikaa. Labda. Mzee Mageni hakubali, na Klara hajui ashike lipi. Mimi pia sijui. Ninachoona ni kwamba wote walimpima na kumtania akiwa amekaa. Akiwa njiani alionwa na mmoja tu, na huyo alikuwa na heshima ya kutotazama.

Tunawapa pole Klara, Mzee Mageni na ukoo wote wa Ngassa. Nanyi mnaosikiliza, huenda mnamjua mtu anayerudi hospitali kila mara na kuambiwa hana kitu. Kabla ya kumcheka, mwulizeni maumivu yalimpata wapi, na alikuwa akifanya nini.

Ignas ameniomba niseme hapa neno ambalo hakuwahi kumwambia marehemu pale kilimani. Nalisema kama alivyolisema.

"Pole, Mayu."